Cherehani Iliponyamaza

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Pindo, kwa sababu katika miaka thelathini na moja ya kushona hakuna mteja aliyewahi kurudi kwake na pindo lililofumuka. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kutazama barabara, meza ya kukatia, cherehani ya miguu aliyoirithi, na mlango mwembamba wa rangi ya bluu uliokwenda kwenye stoo ya nyuma. Mumewe, dereva wa basi aliyestaafu mwenye maneno mengi kuliko abiria wote aliowahi kuwabeba, alikuja kila asubuhi kuketi kwenye benchi la wateja na kumsomea gazeti kwa sauti, kana kwamba mkewe hana macho.

Asubuhi moja aliingia mwanamke kijana aliyevaa suruali ya mifuko mingi, mkononi ana koti lililoharibika zipu. Bi Pindo alimwambia akae, kazi yenyewe si ya kusubirisha mtu hadi kesho. Akafumua zipu ya zamani, akaishikiza mpya kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, kisha akaishona. Alipomaliza alimnyooshea koti lake, lakini yule binti hakulipokea. Alikuwa amekodoa macho.

"Mwanangu, zipu tayari."

"Samahani, Mama. Nilikuwa naangalia mikono yako."

"Ina nini? Nimeinawa."

"Inatisha."

Mume akashusha gazeti. "Hilo nalijua tangu tuoane," alisema, "ila sikuwahi kuthubutu kulitamka."

Yule binti akacheka mpaka akashika meza, kisha akajieleza. Alikuwa mwongozaji wa filamu. Alikuwa amemaliza kupiga filamu ya kusisimua, habari za fundi cherehani anayeletewa koti la mtu aliyepotea ili alipunguze limtoshe mtu mwingine. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mwanzo.

"Dakika mbili tu, Mama. Kabla hadithi haijaanza, majina ya waigizaji yanapopita. Hizo ndizo zinazomwambia mtazamaji akae vipi kwenye kiti chake. Nilitaka kuonyesha mikono ya fundi akiwa kazini, lakini mwigizaji wangu anashika sindano kama anayeshika panya kwa mkia."

"Kwa hiyo unataka mikono yangu."

"Naiomba."

Bi Pindo alimtazama mumewe. Mumewe akakunja gazeti kwa heshima zote. "Mcheza kwao hutunzwa, Bi Pindo. Wape mikono, chakula nitapika mimi."

Wakaja siku ya pili yake, mwongozaji na mpiga picha wake, na taa moja tu. Bi Pindo alikuwa amesuka nywele na kuvaa gauni lake la shughuli. Mpiga picha alimwamkia vizuri, kisha akapiga magoti chini ya meza na hakuutazama uso wake tena mpaka jioni. Dirisha lilizibwa kwa shuka jeusi. Walimpa koti jeusi la mwanamume na uzi mwekundu.

"Uzi mwekundu kwenye koti jeusi?" Bi Pindo alishtuka. "Mwanangu, huo mshono utaonekana hadi ng'ambo ya barabara. Watu watasema sijui kazi."

"Ndiyo nataka uonekane, Mama."

"Haya. Niwe na hasira? Nikunje uso?"

"Usifanye chochote. Shona tu kama siku zote."

Basi akashona. Akatunga uzi kwenye sindano mara kumi na tisa. Akachora mstari wa chaki, wakaufuta, akachora tena. Akazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole kimoja, polepole, kisha polepole zaidi, kisha mpiga picha akasema kivuli kimekaa vibaya, wakaanza upya. Siku ya pili, walipokuwa wanafunga vitu vyao, mpiga picha alielekeza kamera kwenye ule mlango wa bluu, akaupiga picha kwa muda, akazima. Bi Pindo aliona ametupa siku mbili. Mtu mzima anakaa kutazama sindano ikipanda na kushuka! Alimwambia mumewe waziwazi kwamba anayetishika kwa hilo, basi huyo ataogopa hata kijiko.

Wiki tano zikapita. Mwongozaji akarudi dukani, mabega yameshuka, akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa kama mtoto aliyefeli mtihani.

"Tumewaonyesha watu kumi na wawili," alisema. "Mmoja alipiga miayo. Wawili walicheka. Mmoja alitoka kwenda kupokea simu, na alivyorudi hakuuliza amekosa nini."

"Pole, mwanangu. Walicheka mikono yangu?"

"Mikono yako haina kosa. Njoo uione, Mama. Pengine utasikia kitu tusichokisikia. Mimi nimeitazama mpaka sijui tena ninachokiona."

Bi Pindo akafunga duka mchana huo, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi ya shemeji yake. Chumba cha mhariri kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa sifongo, dirisha hamna. Mhariri mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, aliyevua viatu akabaki na soksi, moja ya kijivu na nyingine ya kahawia. Alimpisha kiti chake kizuri, akabonyeza kitufe.

Ngoma zikadunda. Vinanda vikalia kama paka waliobanwa mlangoni. Mikono yake ikapita mbiombio, sindano, mkasi, sindano, mkasi, na herufi kubwa nyekundu zikaruka huku na huku kama panzi. Kisha picha zikaisha, na mhariri akageuka.

"Niseme ukweli au niwaridhishe?" Bi Pindo aliuliza.

"Ukweli, Mama."

"Huo muziki umenishika kola na kunifokea: ogopa, ogopa! Mtu akinifokea hivyo mimi humtazama tu, nikangoja amalize."

Mhariri akacheka kwa mara ya kwanza. "Wiki tatu nasema hivyo hivyo," alimwambia mwongozaji. Akaondoa muziki wote, akarudisha picha mwanzo. Sasa ikabaki sauti ya cherehani peke yake, ile hafifu iliyonaswa na kamera, taka taka taka. Bi Pindo akainamisha kichwa kusikiliza.

"Haisimami," alisema hatimaye.

"Nini haisimami?"

"Cherehani. Imeanza na inaendelea tu. Mama yangu naye alikuwa fundi. Sisi watoto watano tulilala chumba cha pili, na hii hii cherehani ndiyo ilikuwa usingizi wetu. Ilipokuwa inalia tulijua mama yupo, mlango umefungwa, dunia iko mahali pake. Mshono ukifika mwisho, unasikia, mguu unalegea, sauti inapungua taratibu. Hapo hatukuamka. Lakini ikikatika katikati ya mshono, ghafla, wote watano tulifumbua macho. Hakuna aliyetuita. Tulilala vilevile, macho wazi, tunasikiliza. Kwa nini ameacha? Amesikia nini?"

Mwongozaji alikuwa ameacha kuandika. "Na alikuwa amesikia nini?"

"Aa, mara nyingi uzi umekatika tu," alisema Bi Pindo. "Lakini sisi tulijuaje?"

Wale wawili wakatazamana. Mhariri akavaa viatu.

Kesho yake asubuhi alifika dukani na kifaa chake cha kunasa sauti na vinasa vitatu vidogo. Kimoja alikibandika chini ya cherehani, kingine karibu na sindano, cha tatu akakiweka mbali, juu ya kabati. Mume wa Bi Pindo aliombwa asiseme neno kwa nusu saa. Alikubali kwa moyo wa kishujaa, akakaa benchini amefumba mdomo, mishipa ya shingo imemtoka, na dakika ya nane akapiga chafya iliyoharibu kazi yote. Akafukuzwa akatembee. Bi Pindo akashona na kusimama, akashona na kusimama, mara kwa mguu, mara kwa kiganja kwenye gurudumu, mpaka mhariri akainua kidole gumba.

Alasiri wakarudi katika kile chumba cha sifongo. Bi Pindo alibaki kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke. Akaona mhariri akifanya kazi. Alikata picha hapa, akaiburuta kule, akairudisha nyuma kwa nafasi ndogo mno isiyofikia kufumba na kufumbua, akatazama, akatikisa kichwa, akaisogeza tena. Bi Pindo aliifahamu ile subira. Ni ya mtu anayepima bega la koti mara ya nne huku mteja akisema linatosha. Ghafla akamheshimu yule bwana wa soksi mbili kuliko alivyowahi kumheshimu mtu asiyemjua.

"Tuone," alisema mhariri.

Kwanza giza. Giza na sauti ya cherehani, karibu kabisa, kama iko ndani ya kifua chako. Inaendelea hadi unaanza kutaka kuona. Kisha sindano, kubwa kama nguzo ya umeme, inashuka ndani ya kitambaa cheusi na kupanda na uzi mwekundu. Kisha kidole. Kisha chaki inachora mstari taratibu, na mahali mstari unapopita unajiuliza ni kitambaa au ni mgongo wa mtu. Herufi sasa zilikuwa nyembamba na nyeupe, zinatokea pembeni moja baada ya nyingine, kama mtu anayepiga bandi, halafu zinafifia. Uso hamna. Kila ulipofikiri sasa wataonyesha uso, picha ilikatika. Na kila picha ilikaa kidogo zaidi ya unavyopenda.

Halafu cherehani ikanyamaza. Katikati ya mshono.

Sindano iko chini, imezama. Kidole kimetulia juu ya gurudumu. Hakuna muziki, hakuna pumzi.

Kisha ule mlango wa bluu. Mlango tu, umefungwa. Hakuna kinachotokea. Bado hakuna kinachotokea.

Ndipo cherehani ikaanza tena, tone kwa tone, taka... taka... taka, na jina la filamu likaja.

Bi Pindo aligundua kwamba amejishika koo.

"Nyuma ya mlango ule mna nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mwongozaji akamgeukia. "Mama, si stoo yako?"

"Najua ni stoo yangu! Nauliza mna nini?"

Hapo akajisikia mwenyewe, akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na baridi. Nyuma ya mlango ule mlikuwa na gunia la vipande vya vitambaa, ubao wa kupigia pasi, na kandambili za mumewe. Amefungua mlango ule mara elfu hamsini. Na sasa, akiwa mbali nao, mchana kweupe, hakuwa na hakika kama angeweza kuufungua.

"Umeongeza nini?" alimuuliza mhariri. "Jana haikuwa hivi."

"Sijaongeza. Nimeondoa tu."

"Usinifanye mtoto."

Mhariri akasogeza kiti karibu. "Tazama, Mama." Akachukua ile picha ya kidole kilichotulia kwenye gurudumu. Baada yake akaweka picha ya kikombe cha chai kinachotoa mvuke, aliyokuwa nayo kwenye kazi nyingine. "Huyu fundi anawaza nini?"

"Amechoka. Anataka kupumzika."

Akaondoa kikombe, akaweka saa ya ukutani. "Na sasa?"

"Amechelewa. Mteja yuko njiani."

Akaondoa saa, akarudisha mlango. Hakuuliza. Bi Pindo akarudisha kiti chake nyuma.

"Kidole ni kilekile," alisema mhariri. "Hakikubadilika hata unywele. Wewe siku ile ulikuwa unawaza nini?"

Bi Pindo akajaribu kukumbuka. "Nilikuwa nawaza kama nimezima jiko."

"Basi. Hofu haimo kwenye kidole, wala haimo kwenye mlango. Imo hapo katikati, pasipo na kitu. Mimi namwachia mtu nafasi, yeye mwenyewe anaijaza, na kila mmoja anaijaza kwa kile anachokiogopa yeye. Mimi nitajuaje wewe unaogopa nini? Siwezi kukushonea hofu inayokukaa vizuri kuliko uliyojishonea."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema Bi Pindo taratibu. Methali hiyo alikuwa ameisema maisha yake yote kuwaonya watu wapole. Hakujua kama kuna chumba ambamo watu hukaa kukipima kimya chenyewe, kukikata, kukirefusha kwa nukta moja na kukipunguza kwa nusu. Aliwaza wazee wake waliosema maneno yale bila kuona kompyuta, na mtu huyu wa soksi aliyefika palepale kwa njia nyingine, na moyo wake ukajaa kitu ambacho hakukipatia jina. Akaomba aonyeshwe tena. Akaonyeshwa mara nne. Mara ya nne alijua kila kitu kitakachokuja, na mara ya nne alishtuka palepale.

Filamu ilianza kuonyeshwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Mume alivaa suti aliyoshonewa na mkewe, akanunua bisi za kumtosha yeye na ukoo wake, akaketi akizitafuna kwa kishindo. Ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wanaongea, wanatafuta viti, wanaitana. Mtu wa mbele yao alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu, uso wake umemulikwa.

Taa zikazimika, na cherehani ikaanza kulia gizani.

Bi Pindo alikuwa ameiona kwenye kioo kidogo cha mezani tu. Sasa sindano ilishuka ikiwa na urefu wa nyumba. Vidole vyake, vyenye lile kovu la mkasi na kucha iliyopasuka, vilitanda ukuta mzima. Hakuwa amewahi kujua kwamba mikono yake ni mizuri. Ilikuwa mizuri kama mlima ulivyo mzuri, bila kukuomba ruhusa.

Maongezi yakapungua safu kwa safu. Mtu wa mbele akazima simu bila kuitazama. Hata bisi zilinyamaza.

Cherehani ikanyamaza.

Bi Pindo akasikia kitu ambacho hakukitegemea, maana kwenye chumba cha sifongo walikuwa watatu tu. Akasikia watu mia tatu wakiacha kupumua. Si kelele, ni upungufu wa kelele, kama hewa imevutwa kutoka mlango wa nyuma. Watu wazima, na vitambi vyao na shida zao, wasiojuana, walikuwa wamefumbua macho kwa pamoja na kutega masikio. Akawaona ndugu zake wanne kwenye mkeka. Mlango wa bluu ukaja. Mumewe, mtu aliyeegesha kandambili zake nyuma ya mlango ule asubuhi ileile, akamkamata mkono kwa nguvu na kumnong'oneza, "Usifungue!"

Ilipoanza tena, ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mahali fulani nyuma mwanamke akacheka kwa woga, na hakuna aliyecheka naye.

Waliitazama filamu hadi mwisho. Ilikuwa nzuri. Wakati wa kutoka, kwenye msongamano wa mlangoni, dada mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Mimi nilimjua yule fundi tangu mwanzo. Umeiona mikono yake? Ile mikono inaficha jambo." Mume akavuta pumzi ili atangaze kwa ulimwengu mwenye mikono ni nani. Bi Pindo akamfinya.

"Kweli, mwanangu," alimwambia yule dada. "Hata mimi niliiogopa."

Jumatano iliyofuata alifunga duka saa nane, akarudi ukumbini peke yake. Hakumuaga mtu. Alinunua tiketi, akaingia mapema, akaenda hadi safu ya kwanza kabisa, pembeni. Taa zilipozimika akageuka kitini, akaipa skrini mgongo.

Mwonyesha viti akamjia kwa tochi. "Mama, samahani, filamu iko huku."

"Naijua hiyo, baba. Natazama hawa."

Yule kijana hakuelewa, lakini hakumsumbua. Cherehani ikaanza. Mwanga wa sindano ukapanda na kushuka juu ya nyuso: mzee mwenye miwani, wasichana wawili waliokumbatia begi moja, bwana mwenye tai aliyeonekana ametoroka kazini. Bi Pindo aliwatazama wakiinama mbele bila kujua kwamba wameinama. Alimwona mzee akisahau mkono wake hewani, njiani kwenda kurekebisha miwani. Alijua sauti itakatika lini, aliihesabu kwa mguu wake mwenyewe chini ya kiti, na bado ilipokatika na nyuso zote zile zikainuka kwa pamoja, midomo ikafunguka kidogo kama ya watoto, machozi yalimtoka.

Alikaa hivyo mpaka jina la filamu lilipopita na mwanga wa mchana wa hadithi ukawafikia. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akainuka taratibu asiwazibie, akarudi dukani kumalizia suruali ya mtu.